Bastola Isiyo ya Baba

Dunmere, Pennsylvania
Septemba 9, 2013

Kaka Leonard,

Naanza na mazuri kwa sababu ni machache: nyanya za mwaka huu zimezaa mpaka nazigawa kanisani, na paa la kibaraza halivuji tena.

Nakuandikia kwa kuwa simu na wewe mmeshaachana. Jumapili nilipiga kelele mpaka jirani akatoka nje kuangalia kama nyumba inaungua, na wewe ukanijibu habari za theluji. Miaka yote hiyo ya kufyatua mabunduki yako bila kuziba masikio, Mama alikuonya. Na hiyo kompyuta yako siitaki, kwa hiyo vumilia mwandiko.

Macho ya Baba ndiyo basi. Daktari amesema kilichobaki ni ukungu wa pembeni na hautarudi nyuma. Hakulia. Aliuliza tu kama ataweza kunyoa mwenyewe. Lakini tangu siku ile kila asubuhi, kabla hata ya kahawa, ananiuliza: "Bastola yangu iko wapi?" Namwambia, "Baba, ulimpa Leonard mwaka tisini na nne, tulipomzika Mama." Kesho yake tena.

Sasa kuna hili. Ukumbi wa askari wastaafu, ule ulio nyuma ya kanisa, wametengeneza kabati la kioo kwa vitu vya vita vya wazee wa mji. Wamebaki wanne tu waliokwenda Korea, na Baba ndiye mkubwa wao. Wanataka bastola yake katikati ya kabati, na kadi yenye hadithi yote: daraja, baridi, yule afisa mtaroni, Baba alivyomnyang'anya kabla hajafyatua. Hadithi tuliyokula nayo bata mzinga kila Sikukuu ya Shukrani tangu tukiwa wadogo. Watalifungua Novemba 11, Siku ya Wastaafu. Watoto wa shule watakuja kuimba.

Kwa hiyo ilete, Kaka. Na ile karatasi ya jeshi iliyomruhusu kurudi nayo, yenye namba ya bastola na sahihi ya mkubwa wake. Wanataka kuiweka kwenye fremu.

Natumaini huoshi tena vyuma vyako kwenye sinki la jikoni. Mara ya mwisho supu yako ilinuka grisi.

Mdogo wako,
Bernadette


Erie
Septemba 17

Bernie,

Barua nimeipata. Pole na macho ya Baba, na pole wewe unayeyabeba.

Bastola ipo. Iko kwenye sanduku la benki, mambo ya usalama, unajua siku hizi. Nahitaji wiki kadhaa kuitoa na kuisafisha. Karatasi sina uhakika nayo. Nadhani ilikuwa kwenye lile kabati la chini mwaka ule maji yalipoingia. Nitatafuta.

Mwambie Baba asiwe na wasiwasi.

Sinki nimenunua jingine, la gereji. Grisi ya jeshi huwa inakaa miaka hamsini ndani ya kreti, sembuse kwenye supu yangu.

Kakako,
Leonard


Kwa: Idara ya Wateja
Septemba 18, 2013

Habari zenu,

Mimi ni mteja wenu wa miaka kumi na mmoja na leseni yangu ya ukusanyaji wa silaha mnayo kwenye faili. Nimeona tangazo lenu la bastola za Tokarev zilizokuwa za jeshi la Romania, kreti mpya iliyofika mwezi huu. Bei ni nzuri, sina neno. Nitalipa na ile nyongeza ya kuchaguliwa kwa mkono.

Naomba mnichagulie ya mwaka 1952 au kabla. Iwe imechakaa kwenye mdomo kama iliyokaa muda mrefu kwenye mfuko wa ngozi. Vishikio vyeusi. Namba ianzie na herufi mbili kama ipo. Alama ya kampuni yenu, ile mnayoichonga ubavuni, iwe ndogo na iwe chini kadiri inavyowezekana. Na kama mnayo moja ambayo haikuwekewa kile kilimi cha usalama juu ya kishikio, hiyo ndiyo naitaka hasa.

Niliwahi kuwa na moja iliyotoka Korea. Nataka inayofanana nayo.

L. Hrabovsky


Kwa: Bw. Hrabovsky
Septemba 19, 2013

Bwana Leonard,

Asante kwa kurudi kwetu. Kwa kilimi sina msaada. Zilipotoka kiwandani hazikuwa nacho, lakini serikali hairuhusu kuingiza Tokarev nchini bila kuiongezea usalama, kwa hiyo zote za kwenye kreti zimetobolewa na kuwekewa. Alama yetu nayo ni lazima isomeke, siwezi kuificha. Bastola isiyo na vitu hivyo viwili ni ile iliyorudi na askari kwenye begi lake, na hizo huwa hatuuzi kwa bei hii.

Ya 1952 nimekupatia, nimeichagua mwenyewe. Mdomo umechakaa vizuri.

Niwie radhi nikiongeza neno. Karibu kila wiki mtu hutuandikia akitaka bastola ya baba yake. Huwa najibu hivi hivi: tunazo za jeshi la Romania tu.

Corinne
Idara ya Wateja


Dunmere
Oktoba 14

Kaka,

Una matatizo gani wewe? Umeendesha gari mwendo wa saa tatu na nusu, umekaa dakika arobaini, haluski, zile tambi zetu za kabichi, ipo jikoni inatoa mvuke, kabichi nimeikaanga na siagi jinsi unavyopenda, na wewe unasema una miadi. Miadi gani Jumapili? Hata koti hukuvua. Ulimwekea Baba bastola mapajani ukarudi nyuma mpaka mlangoni, ungesema umemwekea nyoka.

Acha nikwambie ulichokikosa.

Ulipoondoka hakutaka chakula. Aliishika kwa mikono miwili kama anapima unga. Halafu akaanza kuipapasa, mdomo, ubavu, kishikio. Kidole gumba chake cha kushoto kikafika sehemu moja nyuma ya kishikio, hapo juu, kikasimama. Kikaenda, kikarudi. Kikaenda, kikarudi. Nikamuuliza, "Ndiyo yenyewe, Baba?"

Kisha akasema, "Leonard ana mikono ya fundi. Mwambie kazi yake ni nzuri sana, hata mwenye macho asingeona."

Nadhani alimaanisha ulivyoitunza. Kwa kweli inang'aa.

Akauliza tena, "Alikula?"

"Hakula."

"Koti?"

"Hakuvua."

"Aa," akasema. "Maskini."

Basi. Jioni alikula sahani yake na nusu ya yako. Karatasi vipi? Kamati wananiuliza. Na Baba anasema uje tarehe 11 bila kukosa, anataka ukae karibu naye. Alisema hivyo mara mbili.

Bernadette


Erie
Oktoba 28

Bernie,

Nina jambo la kukuomba na usinikasirikie. Mwambie Baba na kamati wasiiweke bastola kwenye kabati. Nimefikiri. Kioo huvunjwa. Mwaka juzi mji mmoja huku walivunja ukumbi wakaiba medali zote. Wekeni picha. Au wekeni kofia yake, medali, barua alizomwandikia Mama. Kofia inatosha kabisa.

Karatasi imepotea. Nimetafuta kila mahali. Usiwaahidi.

Na kama ni lazima kuiweka, basi ilaze upande wa kulia uwe chini, isigeuzwe, na mtu yeyote asiishike. Jasho la mikono huleta kutu. Niahidi hilo la kushika.

Nina mengine ya kusema lakini kwenye barua hayasemeki.

Leonard


Dunmere
Novemba 2

Leonard,

Kadi zimeshachapwa. Mwalimu wa muziki amewafundisha watoto nyimbo tatu. Padri atabariki kabati. Baba amepelekwa kunyolewa kwa kinyozi wa kweli. Na wewe unaniambia habari za wezi na kutu.

Ukweli ni kwamba unaitaka wewe. Umezoea kuwa nayo. Una bastola ngapi ndani ya nyumba hiyo, thelathini? Arobaini? Kila mwezi gari la vifurushi linakuletea chuma cha jeshi ambalo halipo tena duniani, unakisugua, unakipiga picha, unawaonyesha wenzako kwenye kompyuta. Hii moja ndiyo ya kwetu. Mwachie Baba aione ikiheshimiwa, hata kama kuona kwenyewe ni kwa vidole.

Saa nne asubuhi. Vaa tai.

B.


Erie
Novemba 8

Bernie,

Gari limekufa. Gia haziingii. Fundi anasema wiki ijayo. Nisamehe, sitaweza kuja. Mwambie Baba.

Leonard


Dunmere
Novemba 13

Kaka yangu,

Sijui nianzie wapi. Nimechana karatasi mbili.

Ukumbi ulijaa. Watu walisimama mpaka ngazini. Watoto waliimba, padri akabariki, mwenyekiti akasoma kadi kwa sauti: daraja, afisa, mtaro, yote. Baba alikaa mbele na koti lake la kijani lisilofunga tena tumboni. Kiti cha pembeni yake kilikuwa chako. Hakukubali mtu akikalie.

Kisha akaja bwana mmoja kutoka Altoona, anaitwa Pruett, mkusanyaji kama wewe. Mtu mpole, simlaumu. Alimwomba mwenyekiti aishike bastola mara moja tu, kwamba hajawahi kushika iliyorudi na askari wa Korea. Nikakumbuka ulichoniambia, nikasema, "Kakangu hataki ishikwe." Watu wakacheka. Baba hakucheka. Mwenyekiti akaitoa.

Bwana Pruett akaigeuza. Akatoa kioo kidogo cha kukuzia mfukoni. Uso wake ulibadilika, Leonard, na nadhani hakukusudia kusema kwa sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya. Alisema, "Hii ina alama ya mwagizaji." Mwenyekiti akauliza ni nini hiyo. Akasema, "Jina la kampuni na mji wao. Ni alama ya zile zinazoingizwa na wafanyabiashara na kuuzwa kwa barua na mtandao. Ya askari haiwezi kuwa nayo." Akapitisha kidole nyuma ya kishikio, akasema polepole, "Na hapa palikuwa na kilimi. Tundu limezibwa."

Nilisimama. Nilisema, "Bwana, unamwita baba yangu mwongo mbele ya watoto?" Nilisema hivyo, kwa sauti hii hii. Yule bwana akawa mwekundu, akaanza kuomba radhi, pengine amekosea.

Baba akanyanyuka. Peke yake, bila fimbo. Akasema, "Hajakosea. Ile ya kwanza niliiuza miaka mingi iliyopita. Nikanunua hii nikaziba tundu mwenyewe, nikampa mwanangu nikimwambia ndiyo ile. Leonard hajui kitu. Naomba asiambiwe lolote la kumuumiza."

Kisha akakaa.

Hakuna aliyepiga makofi wala kuzomea. Hicho ndicho kibaya. Mwalimu aliwatoa watoto kwa mstari. Wale wazee wengine watatu hawakumsogelea. Nilimshika mkono mpaka kwenye gari na sikumwambia neno, na mpaka leo sijamwambia. Namwekea sahani, naondoka. Natandika kitanda, naondoka.

Ananiumiza kwa mengi, lakini zaidi ni kwa ajili yako. Kakangu mjinga, umetunza kipande cha chuma cha dukani kwenye sanduku la benki miaka kumi na tisa kwa sababu baba yako alikutazama usoni siku ya mazishi ya Mama akakudanganya. Ndiyo maana hukutaka ishikwe, ulikuwa unailinda. Na mimi nikakuandikia vile. Naona haya, Leonard. Naona haya kukutazama, nashukuru uko mbali.

Miaka sita nimemwosha, nimemlisha, nimeacha kazi ya hospitali. Nilifanya kwa moyo kwa sababu nilidhani namtunza mtu wa namna fulani. Makao ya wazee ya kule Ridgely walikuwa wameniahidi nafasi tangu Agosti na nilikuwa nawakatalia. Jana nimewakubalia. Anahamia Jumatatu, Desemba 2, baada ya Sikukuu ya Shukrani. Nimemwambia kwa karatasi aliyosomewa na padri, kwa kuwa mimi sikuweza kufungua mdomo. Padri anasema alitikisa kichwa tu akauliza kama huko wanaruhusu redio.

Pole sana, kaka yangu. Wewe ndiye uliyedanganywa kuliko sote.

Bernadette


Erie
Novemba 18

Bernie,

Isome hii umekaa.

Baba hakuuza kitu. Niliuza mimi.

Mwaka 2004. Nilikuwa nimeanza ugonjwa huu wa bastola za jeshi. Wakati ule zilikuwa rahisi, Bernie, rahisi ajabu. Majeshi ya Ulaya Mashariki yalikuwa yanafagia maghala, na wauzaji wa mtandaoni walikuwa wanatoa matangazo kila Ijumaa: za Poland, za Bulgaria, za Cheki. Mtu mwenye leseni kama yangu analetewa mpaka mlangoni. Nilikuwa nakaa mbele ya kompyuta kama mama kwenye katalogi ya Krismasi. Muuzaji mmoja aliandika kwamba ananunua pia zile zilizorudi na askari, na yenye karatasi ya jeshi huilipia mara nne au tano. Nikampelekea picha. Akajibu siku ile ile.

Sikuwa na njaa. Sikuwa na deni. Nataka ulijue hilo, usije ukanitafutia sababu, maana nakujua. Nilihesabu tu kwamba kwa moja ya Baba ningepata tano. Nikapata tano. Ziko hapa. Mbili hata kufyatua hazifyatui. Nilikuwa na moja yenye jina la baba yangu, nikaibadilisha kwa tano zisizo na jina la mtu. Na karatasi niliiweka kwenye bahasha mwenyewe, nikaibusu stempu kwa ulimi, nikaenda posta nikipiga mluzi.

Baada ya mwaka mmoja nilimwandikia yule muuzaji nikitaka kuinunua tena. Alikuwa ameshaiuza, na tovuti yake imefungwa siku nyingi.

Ulipoandika Septemba niliagiza ya Romania. Ilifika na grisi yake. Nilitoa kilimi, nikaziba tundu, nikalisugua kwa tupa siku nne mpaka nikajisifu. Nilisema Baba haoni. Hilo ndilo nililosema, Bernie, kwa mdomo wangu, peke yangu gereji: bahati nzuri haoni. Namba na alama ya kampuni sikuthubutu kugusa, sheria hairuhusu, nikasema nitailaza upande huo chini. Mkusanyaji yeyote angeijua kwa sekunde kumi. Mimi mwenyewe nimewahi kumwumbua mtu kwenye maonyesho ya bunduki kwa jambo hili hili, nikacheka naye anaondoka na mkewe. Nilidhani kwa kuwa kwetu ni kijijini hatatokea mtu kama mimi.

Sikuvua koti kwa sababu nilijua nikikaa nitasema.

Benki hakuna sanduku. Maji hayakuingia kabatini. Na gari, Bernie. Gari lilikuwa zima. Tarehe 11 saa nne asubuhi nilikuwa nimekaa jikoni na tai shingoni, ufunguo mezani, nikitazama saa mpaka ikafika saa tano.

Barua yako ya tarehe 13 imekuwa hapa siku mbili. Ile sehemu unaponiomba msamaha nimeikunja kwa nyuma nisiione. Hakuna mtu aliyewahi kunipiga namna ile.

Usimpeleke Ridgely. Kama kuna wa kuhama, ni mimi nihame kwenye hesabu yako ya ndugu. Nimeona aibu kwa mambo madogo maisha yangu yote, meno yangu, masikio yangu, mke kuniacha. Sikujua aibu ni nini. Alinyanyuka mbele ya mji wake, kipofu, akavaa yangu.

Leonard


Dunmere
Novemba 22

Leonard,

Mwandiko ni wangu, maneno ni ya Baba. Nimemsomea barua yako yote, hata gereji. Nilitaka niiruke sehemu ile, akasema, "Unaruka. Nasikia pumzi." Nikaisoma. Amekaa kwenye kiti chake karibu na jiko. Haya, anaanza.

Mwanangu Leonard,

Nilijua kabla hujafika Erie. Yangu ilikuwa laini pale nyuma. Hii ina kovu. Umelipiga tupa vizuri, lakini kidole changu ndicho jicho langu sasa na kinalala na njaa, kinasoma kila kitu. Nikajua umeiuza. Nikaambiwa hukula wala hukuvua koti, nikajua pia inakukera. Nikasema nitasubiri aseme mwenyewe. Ndiyo maana niliagiza uje tarehe 11 ukae karibu nami. Si kwa ajili ya nyimbo. Nilitaka nikushike mkono kabla hawajasoma kadi, nikwambie jambo, tuamue pamoja kama kadi isomwe.

Jambo lenyewe ni hili. Bernadette, andika kama ninavyosema.

Hakukuwa na daraja.

(Hapa mimi Bernie nimeweka kalamu chini. Amesema niiokote.)

Hakukuwa na daraja wala afisa. Mimi nilikuwa mwokaji mikate huko Pusan, bandarini, miezi kumi na tatu, unga mpaka kwenye nyusi. Vita nilivisikia kwa mbali. Vijana waliotoka mstari wa mbele walikuwa wanakuja kula mkate wa moto na kuuza vitu vyao. Mmoja aliniuzia ile bastola kwa chupa mbili za wiski. Sikumbuki jina lake, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, maana hadithi ilikuwa yake. Yeye ndiye aliyekuwa darajani. Alinisimulia akitafuna, mimi nikaichukua hadithi pamoja na chuma. Mkubwa wangu alitia sahihi karatasi bila kuuliza. Wengi walifanya hivyo.

Nilipofika nyumbani baba yangu alikuwa kituo cha treni na majirani wote. Akaniuliza, "Uliona nini?" Ningesema niliona tanuri? Nikasema daraja. Halafu nikamwambia mama yenu daraja. Halafu ninyi. Kila mwaka bata mzinga akiwa mezani mnasema, "Baba, daraja," na mimi kila mwaka naona haya mpaka magotini, na nasimulia.

Macho yalipokwisha nikasema kabla sijafa nitaishika ile bastola mbele ya watoto wangu niseme kweli. Ndiyo maana nilikuwa naiuliza kila asubuhi. Bernadette alidhani ni uzee. Halafu kamati wakaja na kadi, nikakosa ujasiri. Halafu ukaja wewe na koti lako, ukaniwekea mapajani bastola ya uongo. Nikaipapasa, nikafika kwenye lile tundu, nikasema moyoni: huyu kweli ni mwanangu, hakuna haja ya kuuliza hospitali.

(Anacheka. Mimi sicheki bado.)

Pale ukumbini sikuvaa aibu yako, usijipe ukubwa. Niliyoivaa ilikuwa yangu, ina miaka sitini na moja, imenikaa vizuri kuliko lile koti. Niliona nafasi ya kuitoa nje na nikakosa tena, nikatoa nusu. Nikawaambia bastola ni ya uongo, sikuwaambia daraja ni la uongo. Kwa hiyo hata kukuokoa nilikuokoa kwa woga.

Sasa sikiliza. Bwana Pruett alikuja jana na keki, maskini, anaomba radhi. Nimemwomba radhi mimi. Anasema bastola ile bado ni ya heshima, ni ya jeshi la watu fulani, kuna kijana fulani wa Romania aliibeba kiunoni kwake akachoka. Nimeongea na mwenyekiti. Atairudisha kwenye kabati kwa sharti la kadi mpya. Nimeitunga mwenyewe. Bernadette aiandike kwa herufi kubwa:

BASTOLA YA JESHI LA ROMANIA, 1952. ILINUNULIWA KWA MTANDAO NA LEONARD HRABOVSKY ILI AMDANGANYE BABA YAKE. ILIWEKWA MAHALI PA NYINGINE, ILIYONUNULIWA KWA CHUPA MBILI ZA WISKI NA STEFAN HRABOVSKY, MWOKAJI MIKATE, ILI AMDANGANYE BABA YAKE. MWENYE DARAJA HATUMJUI JINA.

Jumamosi baada ya Sikukuu ya Shukrani, saa nne, watu wataitwa tena. Mwalimu ameahidi kuwarudisha watoto. Mimi kadi siwezi kuisoma, sina macho. Utaisoma wewe, kwa sauti, na kwa kuwa husikii vizuri utapiga kelele, itakuwa vizuri, watasikia mpaka ngazini.

Usipokuja, isomwe na mtu mwingine. Lakini kiti sitampa mtu.

Baba yako

Hapo ameomba kalamu asaini mwenyewe. Jina limepanda juu ya neno "daraja". Nimeliacha.

Leonard, nimekaa na karatasi hii saa nzima. Nimekuwa nikiosha miguu ya mwokaji mikate nikidhani ni miguu ya shujaa, na nimekuwa nikimwonea huruma kaka aliyekuwa jikoni kwake na tai. Nimewakasirikia wote wawili, na naona haya kwamba nilimpa baba yangu taarifa ya kufukuzwa kwa mkono wa padri. Hakuna aliyetoka msafi kwenye nyumba hii. Ridgely nimewapigia. Nimesema hapana, na wasinipigie tena.

Alhamisi kutakuwa na bata mzinga. Baba amesema ataoka mkate yeye, kwa kupapasa. Miaka sitini hajawahi kuoka hata mmoja, tulidhani hajui.

Bernie


Erie
Novemba 25

Bernie,

Natoka Jumatano asubuhi. Nimefanya mazoezi ya kusoma kadi gereji, mara tisa. Kwenye "ili amdanganye baba yake" sauti inakatika, ya kwanza na ya pili. Nitaendelea kujaribu njiani.

Gari ni zima.

Leonard